Jinsi ya kumtambua nyigu kimelea wa shambani kwako na kujua ni wa ukoo gani

Pasua bua la hindi lililotobolewa, shamba lolote kuanzia Uyole hadi Makambako, na si mara zote utamkuta funza mzima. Wakati mwingine utakuta ngozi yake imesinyaa, na pembeni vifukofuko vyeupe, vidogo, vimeshikamana na kinyesi chake. Wakulima wengi huviita mayai ya funza, na bua lote linaishia motoni. Si mayai. Funza hatagi. Anayetaga ni nondo, na mayai yake huyaficha chini ya ala la jani. Vifukofuko hivyo ni vya nyigu mdogo mweusi, Cotesia sesamiae, mzaliwa wa Afrika hii hii, ambaye mabuu yake yalikuwa yanamla funza kutokea ndani.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kumchukua mdudu kama huyo kutoka shambani na kumfikisha kwenye familia yake ya kisayansi bila kuwa na maabara. Nimefanya kazi ya ubwana shamba huku Nyanda za Juu Kusini mpaka nikastaafu. Vijana wanaoniletea wadudu kwenye vichupa vya dawa huuliza kwanza jina. Mimi huanza na ukoo, kwa sababu ukiujua ukoo, jina linakuja lenyewe au unajua wa kumuuliza.

Ukoo kabla ya chupa

Nyuki, sisimizi, siafu, mavu, nyigu wa udongo na hawa nyigu vimelea ni oda moja, Hymenoptera, yenye spishi zaidi ya 150,000 zilizokwisha kupewa majina. Mababu wa oda hii walikula majani. Wazao wao walioshika tabia hiyo bado wapo. Mimi nawaita nyigu-msumeno, maana jike ana kifaa cha kutagia chenye meno kinachopasua jani. Mwili wao umenyooka, hauna kiuno. Baadaye tawi moja likahamia ndani ya miti, na humo mabuu yake yakaacha kula mti yakaanza kuwala mabuu wenzao waliokuwa wakitoboa mti ule ule.

Utafiti mkubwa uliotoka mwaka 2017, uliolinganisha jeni 3,256 za spishi 173 za wadudu, unaliweka tukio hilo miaka milioni 247 hivi iliyopita, na unaonyesha kwamba lilitokea mara moja tu. Maelfu kwa maelfu ya nyigu vimelea unaowaona leo ni wazao wa tukio hilo moja. Kiuno kilikuja baada ya hapo. Tunajua hivyo kwa sababu ipo familia iitwayo Orussidae ambayo haina kiuno, lakini mabuu yake ni vimelea vya wadudu wa kwenye miti. Imebaki njia panda, ina tabia mpya ndani ya mwili wa zamani. Wenye kiuno nao wakapata faida ya kuukunja mwili na kuelekeza mrija wa kutagia popote wanapotaka, hata kumfikia kiwavi aliyejificha.

Sasa linakuja jambo linalovuruga majina yote. Ndani ya hao vimelea wenye kiuno, tawi moja liliugeuza mrija wa kutagia kuwa mwiba wa kuchomea. Ndiyo maana anayekuuma ni nyuki jike. Dume hana mwiba kwa sababu hakuwa na mrija wa kutagia tangu mwanzo. Tawi hilo linaitwa Aculeata, na humo ndimo walimo nyuki, sisimizi na nyigu wote wakali. Vitabu vya zamani viliwatenga vikawaita kundi moja, na vimelea waliobaki vikawaita Parasitica, kama vile ni pande mbili zilizo sawa. Ni sawa na kuhesabu watoto wa mzee mmoja ukamruka wa mwisho kwa sababu amehamia Kyela na kubadili kazi. Nyuki wa mzinga wako wa Mufindi ni mjukuu wa vimelea, na sisimizi wa jikoni kwako vilevile. "Nyigu kimelea" ni jina la kazi anayoifanya mdudu. Haliwezi kuwa jina la ukoo kamili.

Na kazi hubadilika. Wapo waliotoka kwenye ukimelea wakarudi kwenye mimea: nyigu wadogo wa ndani ya tunda la mkuyu, ambao bila wao mkuyu haupati mbegu, wamezaliwa katikati ya ukoo wa vimelea. Hali kadhalika Leptocybe invasa, aliyeingia Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 2000 kutokea Australia, anayesababisha vinundu kwenye vikonyo na mshipa wa kati wa majani ya miche ya mikaratusi. Wenye vitalu vya miti wanamjua kwa hasara. Ukimtazama kwa lenzi utaapa ni kimelea wa kiwavi, maana familia yake, Eulophidae, imejaa vimelea.

Jambo moja zaidi la ukoo kabla hatujashika chupa. Vimelea hula kwa mitindo miwili. Wa mtindo wa zamani humpooza mwenyeji, yaani mdudu anayeliwa, palepale, hutaga juu yake, na buu humla akiwa hajongei. Mtindo uliokuja baadaye, tena kwa koo mbalimbali kila moja kwa wakati wake, ni wa kumwacha mwenyeji aendelee kula na kukua huku buu likiwa ndani. Wa pili ana shida kubwa, kwa sababu kinga ya kiwavi hulizingira yai na kuliua. Ukoo wa Cotesia ulipata dawa yake kwa njia ambayo mimi bado inanishangaza. Miaka milioni 100 hivi iliyopita babu yao aliingiwa na kirusi, na jeni za kirusi kile zikabaki ndani ya jeni za nyigu mpaka leo. Jike anapotaga, humdunga kiwavi na chembechembe hizo, na kinga ya kiwavi inalegea. Baadhi ya nyigu wa familia ya Ichneumonidae wana ujanja unaofanana na huo, ila waliupata kwa kirusi kingine, peke yao. Ukikuta koo mbili zina ujanja mmoja, usikimbilie kusema ni ndugu wa karibu.

Vitu vya kuwa navyo

Lenzi ya mkononi ya kukuza mara 10. Masonara wanazo, na wanajua zinapouzwa. Vichupa vyenye mfuniko, kipande cha chandarua kilichochakaa, tishu, wembe, selotepu, chujio la chai, spiriti ya famasi yenye asilimia 70, na beseni dogo la njano. Penseli ni lazima. Wino wa kalamu huyeyuka ndani ya spiriti na utabaki na karatasi nyeupe isiyokuambia kitu. Pombe ya kunywa haihifadhi mdudu. Konyagi ina asilimia 35 tu, na ulanzi tusiuzungumzie.

Mfuge usimkimbize

Wavu na beseni vitakupa nyigu wengi. Beseni la njano lenye maji na tone la sabuni, likiwekwa chini katikati ya kabichi kuanzia asubuhi, jioni unalichuja na kukuta vidude vyeusi na vya kijani inayong'aa. Sabuni inafanya mdudu azame badala ya kuelea na kuruka. Lakini nyigu wa beseni hakuambii alikuwa anamla nani. Kwa hiyo mimi napendelea kufuga, hata kama ni kazi ya subira.

Chukua kiwavi mmoja, mweke kwenye chupa moja. Mmoja. Ukiweka watano pamoja, nyigu akitoka hutajua katoka kwa nani, na viwavijeshi vamizi wenyewe wana tabia ya kulana. Weka kipande cha jani la mmea ule ule uliomtoa, usiliokote kwenye shamba lililopigwa dawa. Tandika tishu chini inyonye unyevu, funika mdomo kwa chandarua na mpira. Badilisha jani kila siku, toa kinyesi, la sivyo masika ya huku yatakupa ukungu badala ya nyigu. Chupa zikae kivulini ndani ya nyumba. Mwezi wa saba Uyole ni baridi na mdudu anakwenda polepole. Usitupe chupa kwa sababu wiki mbili zimepita na hakuna kilichotoka.

Mayai ya kiwavijeshi vamizi nayo yafuge. Mdudu huyo aliingia Afrika mwaka 2016 na mwaka uliofuata akawa Tanzania, na kila mtu anajua lile fungu la mayai kwenye jani, limefunikwa manyoya ya kijivu. Kata kipande cha jani chenye fungu lote, weka chupani. Mayai mazima yakikaribia kuanguliwa huonekana vichwa vyeusi vya viwavi kwa ndani, na muda mfupi baadaye chupa imejaa viwavi. Mayai yenye kimelea hugeuka meusi yote na kubaki hivyo kwa siku nyingi. Kisha kila yai linatobolewa tundu na kutoka nyigu asiyefika hata milimita moja. Hapo chandarua hakitoshi kumzuia. Funika kwa kitambaa kizito.

Kuna vitu viwili vya kuangalia sana wakati wa kutoka. Kwanza, anayetoka huenda si nyigu. Nzi wa familia ya Tachinidae nao ni vimelea wa viwavi, na pupa yao ya kahawia hudanganya. Hesabu mabawa: nzi ana mawili, nyigu ana manne, ila ya nyuma yamefungwa na ya mbele kwa vilabu vidogo hivyo huonekana kama mawili. Yatenganishe kwa ncha ya sindano.

Pili, anayetoka anaweza kuwa kimelea wa kimelea. Hili linaonekana vizuri kwenye vidukari wa kabichi. Jirani yangu mmoja anayelima bustani alinijia na jani mkononi.

"Shikamoo mzee. Hawa vidukari wamevimba, wamekauka rangi ya shaba, hawatembei. Wamekufa kwa dawa gani, na mimi sijapiga?"

"Marahaba, mama. Hebu lete hapa kwenye mwanga."

Tukamwekea lenzi kidukari mmoja. Ngozi imekuwa gamba gumu, imebandikwa kwenye jani, na nyuma yake kuna tundu la mviringo lililokatwa sawasawa, na kifuniko chake bado kinaning'inia. Humo katoka nyigu Aphidius, rafiki wa mkulima. Wa pembeni yake alikuwa na tundu lenye kingo zilizotafunwa ovyo. Humo katoka mwingine kabisa, nyigu aliyemla Aphidius akiwa ndani ya kidukari. Kwa hiyo usiandike kwenye karatasi "kimelea wa kidukari" kabla hujalitazama tundu. Na kama gamba ni jeusi tii badala ya rangi ya shaba, mfikirie Aphelinus, wa ukoo wa mbali kabisa na Aphidius.

Kusoma bawa

Hapa ndipo wengi huchoka, na ndipo penye utamu.

Mtie nyigu kwenye spiriti, akishakufa kata bawa moja la mbele kwa wembe mpya, karibu na kifua uwezavyo. Likaushe kidogo juu ya tishu. Libandike kwenye selotepu, kisha bandika selotepu kwenye kipande cha kioo safi. Fungua picha nyeupe kwenye simu, ongeza mwanga hadi mwisho, weka kioo juu ya skrini, shusha lenzi. Mishipa ya bawa itaonekana kama imechorwa kwa kalamu.

Swali la kwanza: mishipa ni mingi au karibu haipo?

Kama ni mingi, na papasi (zile pembe mbili za kichwani) ni ndefu, nyembamba, zenye pingili zaidi ya 16, upo kwenye familia kuu Ichneumonoidea, yenye familia mbili kubwa. Ichneumonidae ina spishi 25,000 hivi zilizoelezwa na Braconidae inaifuata kwa karibu. Kuzitenganisha, tafuta katikati ya bawa. Kwa Ichneumonidae kuna chumba kimoja kikubwa chenye umbo la kichwa cha farasi, na upande wa nyuma kuna mishipa miwili mifupi inayosimama, mmoja karibu na mwili na mwingine kuelekea ncha. Kwa Braconidae chumba kile kimegawanywa na mshipa, na ule mshipa wa pili uliosimama haupo. Ikiwa bawa limeharibika, bonyeza fumbatio, yaani tumbo, kwa sindano. Kwa Braconidae pingili ya pili na ya tatu mgongoni zimeungana hazijikunji; kwa Ichneumonidae kawaida zinajikunja. Kila kanuni ina wakaidi wake: wapo Ichneumonidae wadogo waliopoteza mshipa wa pili, na Aphidius amepoteza mishipa mingi ila bado ni Braconidae. Ndiyo sababu nasema angalia vitu viwili, usitegemee kimoja.

Kwenye mashamba yetu mifano ni rahisi kuipata. Vifukofuko vya kwenye bua la hindi vitakupa Cotesia, Braconidae. Kiwavijeshi vamizi anaweza kukupa Coccygidium luteum, naye Braconidae, au Charops ater, Ichneumonidae. Wote wawili wamewahi kupatikana Tanzania kwa kiwavi huyo. Kwenye kabichi na chainizi, fungua kifuko chepesi cha wavu cha nondo wa kabichi. Kama ndani yake kuna kifuko kingine kigumu, cha mviringo, umempata Diadegma, Ichneumonidae. Hapo simama. Yupo Diadegma mollipla wa asili ya Afrika, na yupo Diadegma semiclausum aliyeletwa na ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu cha Nairobi, mwanzoni mwa miaka ya 2000 kutoka Taiwan ili apambane na nondo huyo. Kwa lenzi ya mkononi usihangaike kuwatenganisha, andika Diadegma peke yake.

Kama bawa halina mishipa isipokuwa mmoja unaokwenda kwenye ukingo wa mbele na kutoa tawi fupi, na papasi zimekunjwa kama kiwiko, umeingia familia kuu nyingine, Chalcidoidea. Hii ni bahari. Wengi wana mng'ao wa kijani au bluu wa chuma, wengi wako chini ya milimita tatu. Hapa bawa limekwisha kazi, hamia mguuni. Hesabu pingili za unyayo: tatu ni Trichogrammatidae, vimelea wa mayai, nne mara nyingi ni Eulophidae, tano, endelea kutafuta. Paja la nyuma nene lenye meno kwa chini ni Chalcididae, na huyo ni mkubwa kiasi cha kuonekana bila lenzi. Mwenye mwiba mnene kwenye mguu wa kati, anayeruka mithili ya kiroboto ukimgusa, ni Encyrtidae. Mwenye mabawa membamba yenye nywele ndefu pembezoni ni Mymaridae. Katika familia hii ndimo alimo mdudu mdogo kuliko wote wanaojulikana duniani: dume la Dicopomorpha echmepterygis, urefu wake milimita 0.139, kipofu na bila mabawa.

Nisimame kidogo kwa Encyrtidae, kwa sababu watu huniuliza majina haya ya Kilatini yana faida gani kwa mtu mwenye muhogo. Miaka ya 1970 kidung'ata wa muhogo, mdudu mdogo anayefyonza utomvu, alivamia Afrika na kukausha mashamba. Asili yake ilitafutwa Amerika ya Kusini. Kaskazini ya bara lile alipatikana kidung'ata anayefanana naye, na vimelea wake wakaletwa, wakakataa kushika. Ilikuja kubainika kwamba ni spishi nyingine, ikapewa jina Phenacoccus herreni. Yule wetu, Phenacoccus manihoti, alipatikana Paraguay mwaka 1981, na pamoja naye nyigu mdogo wa Encyrtidae, Anagyrus lopezi. Nyigu huyo aliachiwa Nigeria mwaka huo huo, akaenea nchi kwa nchi akipunguza kidung'ata kwa kiasi ambacho dawa hazikuweza. Hans Rudolf Herren, Mswisi aliyeongoza kazi hiyo, alipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995. Makosa ya kuainisha yaligharimu muda ambao wenye muhogo hawakuwa nao.

Weusi wadogo wasiong'aa, papasi zimeota chini kabisa karibu na mdomo, na fumbatio lina kingo kali pembeni: hao ni Scelionidae. Wa kwenye mayai ya kiwavijeshi vamizi mara nyingi ni Telenomus. Usiwachanganye na Trichogramma, ambao ni wa njano au kahawia, unyayo pingili tatu, na kwa undugu wako mbali, ingawa wote wawili hulala ndani ya yai moja la nondo.

Wako wawili hutawakuta kwenye bua wala jani. Nyumbani, kwenye kioo cha dirisha, ukiona nyigu mweusi mwenye fumbatio dogo bapa lililoning'inia juu juu kifuani na analipandisha na kulishusha, huyo ni Evaniidae. Mabuu yake hula mayai ya mende ndani ya kile kifuko cha kahawia. Usimuue. Wa pili ni wa wenye kahawa, Mbozi na Rungwe. Ndani ya tunda lililotobolewa na ruhuka, mdudu mtoboa matunda ya kahawa, anaweza kuwemo nyigu mweusi, mwili bapa, kichwa kirefu: Prorops nasuta, wa Bethylidae, mzaliwa wa Afrika aliyepelekwa Brazil kutoka Uganda mwaka 1929. Ukimsoma vizuri utaona papasi zake ni za pingili chache. Yeye yuko upande wa nyuki na sisimizi, upande wa wenye mwiba, na bado anaishi kwa kazi ya mababu.

Rangi itakupoteza

Washa taa ya baraza usiku wa Novemba, mvua za kwanza zikianza. Watakuja nyigu wakubwa wembamba, rangi ya chungwa, macho makubwa, miguu mirefu. Kijana yeyote atawaweka kwenye chupa moja na kuandika jina moja. Kata mabawa yao usome. Mmoja ni Enicospilus, Ichneumonidae. Mwingine ni Netelia, pia Ichneumonidae lakini wa nusu-familia tofauti kabisa, na huyo akikushika anadunga kweli. Wa tatu ni Braconidae. Koo mbalimbali zilihamia kazi ya usiku, na kila moja ikapata rangi ile ile na vijicho vile vile vikubwa vya utosini. Rangi ya chungwa inakuambia saa anayofanya kazi. Haikuambii baba yake.

Ndivyo ilivyo pia kwa mng'ao wa kijani. Nyigu-kito wa Chrysididae, anayevizia viota vya nyigu wa udongo ukutani, hung'aa kuliko Chalcidoidea wote, lakini ni wa upande wa wenye mwiba. Geuza fumbatio lake: chini ni bonde, na akitishwa hujikunja mviringo.

Majina yanayohama

Ukitumia kitabu cha zamani utakuta vidukari wanaliwa na familia Aphidiidae. Siku hizi ni nusu-familia ndani ya Braconidae. Scelionidae kwa miaka kadhaa walimezwa na Platygastridae, kisha wakarudishiwa jina lao. Kubwa zaidi ni Pteromalidae. Kwa muda mrefu kila Chalcidoidea mwenye unyayo wa pingili tano asiye na alama ya pekee alitupwa humo, mpaka jeni zilipoonyesha kwamba waliomo hawana babu mmoja. Mwaka 2022 familia hiyo ilivunjwa na makundi mengi ndani yake yakapandishwa kuwa familia kamili. Kwa mdudu wa namna hiyo mimi naandika "Chalcidoidea, unyayo 5" na kuishia hapo. Jina pana lililo sahihi nalithamini kuliko jina jembamba la kubahatisha.

Karatasi ya ndani ya chupa

Karatasi iingie ndani ya spiriti pamoja na mdudu. Ikibandikwa nje huanguka. Andika kwa penseli mahali, wilaya, mwinuko kama simu inakuonyesha, tarehe ya kuokota na tarehe ya kutoka, mmea, mwenyeji, jina lako. Mfano: "Uyole, Mbeya. Mahindi, bua. Funza wa mabua, kaokotwa 3 Machi. Nyigu 22 wametoka 14 Machi. Braconidae, Cotesia." Hifadhi na ngozi ya mwenyeji, na vifukofuko vitupu, kwenye kichupa cha pili chenye namba ile ile. Bila hivyo, mtaalamu hana namna ya kuthibitisha kwamba nyigu katoka kwa funza na si kwa mdudu mwingine aliyekuwa ndani ya bua.

Ukitaka spishi, hapo kazi ya lenzi imeisha. Kwa walio Mbeya, pa kuanzia ni TARI Uyole, kituo cha utafiti wa kilimo. Kama sampuli itapimwa jeni, asilimia 70 haifai. Tumia spiriti ya asilimia 95 au zaidi, ibadilishe mara moja baada ya siku ya kwanza kwa sababu maji ya mwilini mwa mdudu huipunguza nguvu, na weka chupa mahali pa baridi na giza. Kabla hujatuma chochote nje ya nchi, hata nyigu mmoja mkavu, ulizia vibali. Na usitume wote. Baki na jike mmoja na dume mmoja wa kila kundi, maana barua ya majibu ikirudi na jina, utahitaji wa kumtazama ukiwa na jina hilo mkononi.